Mifumo Ijaribiwe Huku Kabla ya Kuletwa: Risala ya Watumiaji wa Kibondo na Kasulu

   

Wataalamu wa mifumo ya kompyuta mliotoka Dodoma na Dar es Salaam, karibuni nyanda za juu za Kigoma. Mliopita Nyakanazi mmeiona barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, zaidi ya kilomita 260, inavyogeuka kuwa lami. Waliowahi kufika huku miaka ya nyuma wanakumbuka safari hiyo ilivyokuwa wakati wa mvua. Wanakumbuka pia majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiwasha taa za miji yetu kabla hatujaunganishwa na gridi ya Taifa. Tunashukuru kwa hayo yote, na tunashukuru kwa minara ya simu inayoendelea kusogea vijijini. Shukrani hii tunaitoa kwa moyo, na tunaomba isisahaulike mtakaposikia yanayofuata.

Sisi tunaowasilisha risala hii ni wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, walimu tuliokabidhiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022, wakusanya ushuru wenye mashine za POS, mawakala wa pembejeo, watendaji wa vijiji, wakulima, na vijana wachache tuliosomea kompyuta tukarudi nyumbani. Kazi zetu hazifanani, lakini zote sasa zinapita mlango mmoja. Mgonjwa hapati huduma mpaka aingizwe kwenye mfumo. Ushuru haupokelewi mpaka mfumo utoe namba ya malipo. Mwanafunzi hahami shule mpaka mfumo umkubali. Mfumo ukigoma, serikali yote imegoma mbele ya macho ya mwananchi, na anayesimama kupokea hasira zake ni sisi.

Hatutautaja kwa jina mfumo wowote tunaoulalamikia, na hatukuja kumshitaki mtu. Dosari tunazozieleza tumezikuta kwenye mfumo huu na ule, wa afya na wa fedha, wa Serikali na wa kampuni binafsi. Chanzo chake kimoja: mifumo imejaribiwa, lakini haijajaribiwa na maisha ya huku.

Kwa wasio wa fani hii, tuseme kidogo majaribio ni nini. Mafundi wanaotengeneza programu huandika visa vya majaribio. Kila kisa kina mambo matatu: hali ilivyo, jambo linalofanywa, na jibu ambalo mfumo unatakiwa kutoa. Jibu likija tofauti, pana hitilafu. Hapo fundi huchukua programu ya kusakia hitilafu, ambayo wenyewe huiita dibaga, akauendesha mfumo hatua kwa hatua, akiusimamisha na kuukagua, mpaka aone ni mstari upi uliokosea. Dibaga ni chombo chenye nguvu sana, lakini hakiwezi kusaka kosa ambalo hakuna aliyeonyesha kwamba lipo. Anayelionyesha ni yule aliyeandika kisa. Na tunavyoona sisi, visa vingi vimeandikwa akifikiriwa mtu mmoja: mtu mwenye mtandao usiokatika, kishikwambi kilichochajiwa, simu yake mwenyewe, majina matatu yanayoandikwa namna moja kila mahali, na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) kichwani. Watu wa namna hiyo tunao, na mifumo inawahudumia vizuri. Waliobaki ndio waliotutuma.

Tuanze na saa, kwa sababu hapo ndipo madhara yanapojificha zaidi.

Muuguzi wa zamu ya usiku akimzalisha mama, huandika kwanza kwenye kitabu cha leba cha MTUHA, yaani cha taarifa za huduma za afya, kwa kalamu: mtoto wa kike, kilo 3.1, saa 8:15 usiku. Hivyo ndivyo tunavyohesabu saa, na kila mama aliyepo wodini anaelewa. Asubuhi, kabla hajakabidhi zamu, anayahamishia maandishi yale kwenye kompyuta. Kisanduku cha muda kinasubiri tarakimu nne tu, bila kuuliza ni usiku au mchana. Akiwa hajalala, muuguzi anaandika 08:15 kama ilivyo kitabuni. Mfumo unapokea, unashukuru, unaendelea. Mtoto aliyezaliwa usiku wa manane sasa amezaliwa asubuhi watu wakinywa chai. Hakuna kengele iliyolia. Siku mtu wa takwimu atakapotaka kujua kina mama wanajifungua saa ngapi, ili usiku wapangwe wauguzi wa kutosha, hesabu zitamwambia kwamba usiku wa manane leba ina nafasi na asubuhi ndiyo imejaa. Wauguzi wa usiku watapunguzwa. Tunaomba kisa hiki kiwe cha kwanza kwenye daftari la wajaribu wa mfumo wowote wa afya: mtumiaji ameandika saa ya Kiswahili. Jibu sahihi ni kwamba mfumo umuulize kwa lugha yake: ni usiku, alfajiri, asubuhi, mchana au jioni?

Kisa cha pili cha saa kinatuhusu sisi wa mpakani hasa. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Mabamba upande wa Kibondo, au Kitanga upande wa Kasulu, simu na vishikwambi vinaweza kunasa mnara wa ng'ambo, na kama vimeachiwa vijipangie saa vyenyewe, vinahamia saa ya Bujumbura bila kumwambia mtu. Sasa chukueni hali hii. Mama anapokelewa mapokezi saa 6:10 usiku, na kompyuta ya pale inaandika 00:10 ya tarehe mpya. Anajifungua saa 6:40. Muuguzi anaingiza taarifa kwenye kishikwambi kilichohamia saa ya ng'ambo, kinachoonyesha 23:40 ya tarehe ya jana. Kwa mfumo, mtoto amezaliwa kabla mama yake hajafika. Mfumo unakataa. Muuguzi anajaribu tena, unakataa tena. Mama anatokwa damu na anahitaji kuangaliwa, muuguzi ana kazi ya kumhudumia, mwishowe anabuni saa ambayo mfumo utaikubali. Mfumo uliokusudiwa kutunza ukweli umemlazimisha mtumishi mwaminifu kuandika uongo. Na kama usiku huo ni wa kuamkia Januari 1, saa hiyo moja inambadilishia mtoto mwaka wa kuzaliwa, na mwaka huo atatembea nao mpaka shuleni.

Fundi aliyeko Dar es Salaam hawezi kukutana na kosa hilo. Atakaa na dibaga yake mwezi mzima akiuendesha mfumo mstari kwa mstari, na kila mstari utafanya kazi ilivyotakiwa. Kosa linahitaji kilima, mpaka na minara miwili. Kuliiga pale ofisini, hata hivyo, ni jambo la dakika chache: rudisha saa ya kishikwambi nyuma kwa saa moja katikati ya kazi, kisha endelea. Ndiyo maana tunasema kwamba gharama si kikwazo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia.

Kuhusu majina. Huku kwetu mapacha wana majina yao: wa kwanza Bukuru, wa pili Toyi, na anayewafuata ni Chiza. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Bukuru wengi, na wengine baba zao wana majina yanayofanana. Karani mmoja anaandika Bukuru, mwingine Bukulu. Mmoja anaandika Chiza, mwingine Ciza. Mifumo mingi imefundishwa kuzuia mtu mmoja asisajiliwe mara mbili, na sisi tunaunga mkono, maana udanganyifu upo. Lakini kanuni hiyo ikiangalia jina la baba, jina la mama, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu, mapacha ni mtu mmoja. Wa kwanza anapokelewa. Wa pili anaambiwa kwamba taarifa zake zimeshasajiliwa. Upande wa pili wa kosa hilo hilo, mtu mmoja aliyeandikwa Bukuru kwenye cheti cha kuzaliwa na Bukulu kwenye kitambulisho anaonekana ni watu wawili, na anatakiwa aende kula kiapo na kulipia ili athibitishe kwamba yeye ni yeye. Mzee mwenye majina mawili tu anakwama kwenye kisanduku cha jina la tatu. Wazee wasioijua siku yao ya kuzaliwa wameandikiwa tarehe za makadirio, na tarehe moja inajirudia kwa watu wengi. Kwa kuwa tarakimu nane za mwanzo kati ya tarakimu 20 za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, hata karani anayesoma namba kwa haraka anaweza kumchanganya mzee mmoja na mwingine.

Tuliseme na lile ambalo kila mtu wa Kigoma analijua. Waha wa Kibondo na Kasulu tumezoea kuulizwa maswali ya uraia ambayo mtu wa Morogoro haulizwi, kwa sababu lugha yetu na ya majirani zetu wa Burundi ni ndugu. Wapo Watanzania wa vizazi na vizazi ambao bado wanasubiri namba ya NIDA. Wapo pia wakimbizi wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na wa Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, ambao wana vitambulisho vyao halali lakini si vya NIDA, na huletwa hospitali zetu wakiwa mahututi. Mfumo unaoanza kwa kudai namba ya NIDA, na usioruka hatua hiyo mpaka ijazwe, umekwisha kuamua nani atatibiwa, na aliyeamua ni fundi aliyeweka alama ya lazima kwenye kisanduku. Tunataka kila mfumo wa huduma ujaribiwe na mtu asiye na NIDA mwenye haki kamili ya kuhudumiwa. Usipompitisha, usiletwe.

Alama za vidole tutazigusa kwa kifupi. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 ulitufundisha kwamba vidole vya mkulima vimechoka. Mtu aliyeshika jembe tangu utoto, aliyemenya mihogo na kufunga tumbaku, ngozi yake imesuguliwa hata mashine inashindwa kuzisoma alama zake. Vidole vya kujaribia vichukuliwe kwetu.

Sasa tuje kwenye pesa, ambako hitilafu inaweza kumpeleka mtu polisi.

Mkusanya ushuru, au wakala wa pembejeo, yuko mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Anabonyeza kutuma. Duara linazunguka. Mteja amesimama, nyuma yake wapo wengine, mvua inanukia. Anabonyeza tena. Duara bado linazunguka. Anabonyeza mara ya tatu. Baadaye mtandao unarudi, na muamala mmoja umeandikwa mara tatu. Jioni hesabu haziendi: mfumo unasema amepokea pesa ambazo hana. Au kinyume chake: mwananchi amelipa kwa simu, hela imekatwa, lakini mfumo haujasoma. Anaambiwa alipe tena. Akikataa ni mkaidi, akilipa ameibiwa, na karani ndiye anayeitwa mwizi.

Msidhani hili ni la nchi maskini. Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, ulionyesha pungufu la pesa ambalo halikuwapo. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Mwaka 2015, kwa wakala mmoja wa Dalmellington, mji mdogo wa Uskoti, skrini ilikwama wakati akiingiza pauni 8,000. Akabonyeza tena na tena, na mfumo ukamdai pauni 24,000 zaidi. Ni kosa lile lile la kubonyeza mara ya pili. Bunge la Uingereza lilifuta hatia za mamia ya watu hao kwa sheria maalumu Mei 2024, robo karne baada ya mfumo kuanza kazi. Kwa miaka yote hiyo walipolalamika walijibiwa kwamba mfumo uko sawa.

Sisi tunalo jibu hilo masikioni mwetu kila wiki. Ukipiga simu ya msaada unaambiwa mfumo uko sawa, jaribu tena, zima uwashe, labda ni mtandao wa huko kwenu. Hupewi namba ya kumbukumbu ya tatizo. Ukipiga kesho, unayempata hajui ulichosema jana. Wakati huo huo mwajiri anataka pungufu lilipwe, na wapo wenzetu waliokatwa mishahara kwa hesabu ambazo hakuna fundi aliyezikagua. Hatusemi kwamba miongoni mwetu hakuna wezi. Tunasema mwizi na hitilafu huonekana sawa kwenye karatasi ya jioni, na anayeweza kuwatenganisha ni fundi mwenye kumbukumbu za mfumo na dibaga. Mpaka afanye hivyo, msimwite mtu mwizi.

Kipo pia kikomo cha tani moja, ambacho ni mfano mzuri kwa vijana wanaojifunza kuandika visa. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine halipi ushuru wa mazao. Kasulu ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Mtu wa Makere, iliyo upande wa Wilaya, akileta mahindi sokoni Kasulu mjini amekwisha kuvuka mpaka wa halmashauri. Kwa hiyo mashine ya geti la ushuru ijaribiwe kwa kilo 999, kwa kilo 1,000 kamili, na kwa kilo 1,001, kwa sababu makosa ya hesabu hupenda kukaa hapo ukingoni: fundi ameandika "chini ya" mahali ambapo sheria imesema "isiyozidi". Halafu ijaribiwe kwa magunia. Mashine ikihesabu kila gunia ni kilo 100, magunia kumi ni tani moja. Lakini lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, bado ipo, ijapokuwa sheria ya vipimo inaikataza, na magunia manane ya lumbesa yanaweza kuvuka tani moja. Mashine ifanye nini? Hilo si la fundi kuamua peke yake. Linahitaji mwanasheria wa halmashauri, mtu wa vipimo na mkulima wakae meza moja kabla ya mashine kufika getini.

Wakati wa kujaribu nao una uzito wake. Mbolea ya ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya mwaka 2022 kule Mbeya, iliyofanya mfuko wa kilo 50 wa DAP uuzwe Sh 70,000, ilitutoa kwenye vocha za karatasi za miaka iliyotangulia na kutuingiza kwenye usajili wa kidijitali. Mpango huo ulitufaa, na tunautetea. Lakini mkulima wa nyanda hizi hupanda mvua za kwanza zinapoanza, Oktoba na Novemba, na wote wanataka mbolea wiki zile zile. Mfumo wowote wa pembejeo unaojaribiwa Julai na watu kumi haujajaribiwa. Tena nyumba nyingi zina simu moja, na iko mfukoni kwa baba. Mama ndiye aliye kwenye foleni. Ujumbe wenye namba ya siri unaingia kwenye simu iliyoko shamba la mbali au iliyozimika chaji. Namba inakwisha muda wake. Mama anarudi nyumbani mikono mitupu. Mbegu haingoji namba ya siri. Kisa kiandikwe: mwenye simu hayupo, mwenye haki yupo.

Tunajua mtakavyotujibu, kwamba visa havina mwisho na hakuna mfumo usio na kosa. Ni kweli. Edsger Dijkstra, mtaalamu mkubwa wa kompyuta kutoka Uholanzi, alieleza zaidi ya miaka 50 iliyopita kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kosa lipo, hayawezi kuthibitisha kwamba halipo. Hatuwadai mfumo usio na kosa. Tunawadai kosa lililokwisha kuonekana lisirudi. Wanaotengeneza GDB, dibaga iliyoandikwa kwanza na Richard Stallman mwaka 1986 na inayotumika mpaka leo duniani kote, wana hazina kubwa ya majaribio inayokua kadiri makosa yanavyogunduliwa: kosa likirekebishwa, linaandikiwa jaribio lake, na kila toleo jipya linapitishwa humo. Kama chombo cha kusakia makosa chenyewe kinajaribiwa hivyo, mfumo unaoshika uhai wa mama mjamzito na akiba ya mkulima usijaribiwe pungufu ya hapo. Na wala si kwamba mfumo unaofaa mazingira kama yetu hauwezekani. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wataalamu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuujenga, una programu ya simu inayofanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa mtandao ukirudi. Waliofikiria walioko mbali na mnara wapo. Tunaomba wawe wengi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayodai ni haya.

Tunadai visa vya majaribio vya nyanda hizi viingizwe kwenye mpango wa majaribio wa kila mfumo utakaoletwa Kibondo na Kasulu, na mfumo usipokelewe na halmashauri mpaka matokeo yake yaonekane kwa maandishi. Tumeviandika visa hivyo kwenye daftari, kila kimoja na hali yake, kitendo chake na jibu linalotakiwa, na daftari hilo tunalikabidhi leo pamoja na risala hii. Vijana wetu wako tayari kukaa na mafundi wenu kuvipitia.

Tunadai majaribio yafanyike huku pia, kwa mikono ya watakaotumia, kwenye zahanati ya mpakani, kwenye geti la ushuru na kwenye duka la pembejeo, si kwenye ukumbi wa hoteli pekee. Muuguzi akitolewa kazini siku nzima kujaribu mfumo, alipwe posho kama mtaalamu mwingine yeyote wa zoezi hilo, kwa sababu siku hiyo ndiye mtaalamu.

Kila tatizo linaloripotiwa lipewe namba, tarehe na jina la anayelishughulikia, na aliyeripoti aarifiwe limefikia wapi. Ujumbe wa hitilafu uandikwe kwa Kiswahili kinachosema nini kimetokea na mtumiaji afanye nini. Tumechoka na sentensi za Kiingereza zenye namba ambazo hata fundi wa halmashauri hazielewi. Na tatizo likirekebishwa, liandikiwe jaribio la kudumu.

Tunadai, na hapa hatuombi, kwamba mtumishi au wakala asikatwe mshahara, asisimamishwe kazi wala asipelekwe polisi kwa pungufu lililoonyeshwa na mfumo peke yake, mpaka kumbukumbu za mfumo zikaguliwe na fundi asiye wa kampuni iliyoutengeneza, na mtuhumiwa apewe nakala.

Mwisho, majaribio yafanywe kwa taarifa za kubuni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda mgonjwa wa Busunzu huku Kibondo sawasawa na mtu wa Masaki, Dar es Salaam. Majina ya watu wetu, hali zao za afya na vitambulisho vya wakimbizi visinakiliwe kwenye kompyuta za wajaribu kwa kisingizio cha kutafuta hitilafu. Daftari letu halina jina la mtu hata mmoja wa kweli, na tunaomba nanyi mfanye hivyo.

Mvua za kwanza zinaanza Oktoba. Tunaomba majibu ya risala hii yafike kwa maandishi kwenye ofisi za halmashauri zetu kabla ya hapo, na yabandikwe kwenye mbao za matangazo za kata ili kila aliyetutuma ayasome.